Kizimba cha Jenereta Nilichokikata

Bwera, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Hadija mwanangu,

Kabla hujasoma zaidi, nenda nyuma ya lori ukaangalie. Kile kizimba cha chuma ulichochomelesha juzi, pale kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, hakipo. Si wezi. Ni mimi. Nimekikata kwa msumeno, viganja vyangu vyote viwili vimetoka malengelenge, na vipande nimevilaza karibu na banda la kuku. Ukimaliza kunitukana rudi ukae chini usome, maana maneno ni mengi, na mimi huandika polepole kama mtu anayevuka mto ameshika viatu mkononi.

Usitafute makosa ya maandishi. Utayakuta bila kutafuta. Wewe una cheti cha upishi cha Kasese chenye mhuri, mimi niliishia darasa la tano, na hilo la tano mwalimu alinifukuza mara nyingi kuliko alizonifundisha. Unisamehe hilo kwanza, ndipo tuje kwenye mengine.

Kesho baada ya swala ya alfajiri unaondoa lori letu la chakula unakwenda Katunguru, kuwapikia wale wajenzi wa barabara karibu na daraja. Utapanga chumba, utaamka peke yako, utakula peke yako. Mambo ya shuka, dawa ya malaria na vijana wa boda sitayagusa. Mama yako ameshakuhubiria wiki nzima, nami nilikuwa nasikia mpaka kichwa kinauma. Namna ya kuwasha jenereta pia sikufundishi. Wewe ndiye unayenifundisha siku hizi. “Baba, zima vitu vyote kwanza ndipo uvute kamba. Baba, usitie petroli mashine ikiwa moto. Baba, anza na friji, iache itulie, ndipo uwashe kikaango.” Ndiyo, Injinia. Nimesikia, Injinia.

Ninachotaka kukuambia ni kitu ambacho mimi mwenyewe sijakielewa mpaka leo, na nimekizungukia miaka minane kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nianze na cha kuchekesha, maana hapo ndipo mimi hujificha.

Unakumbuka zamani kaunta ya lori ilikuwa inatekenya watu? Mteja akiweka kiwiko kwenye bati, hasa siku ya mvua, anaruka. Mimi nilikuwa nawaambia ni pilipili. Wallahi, nilisema pilipili yangu ni kali mpaka imeingia kwenye bati, na watu walikuja kuonja! Mpaka siku moja akaja mwanajeshi, ametoka mvuani, akaegemeza mikono yote miwili. Alipiga kelele nikadhani tumevamiwa.

“Mzee! Simama hapo! Hii ni nini?”

“Afande, ni pilipili.”

“Pilipili ya kwenye bati? Zima! Zima sasa hivi!”

Nikazima. Fundi mmoja akaniambia nipigilie nondo ardhini na kuifunga waya kutoka kwenye lori, kwa sababu lori linakaa juu ya mpira na umeme uliopotea hauna pa kushukia. Tena niimwagilie nondo maji wakati wa kiangazi. Nikamwuliza, nikiimwagilia itaota? Fundi wa pili akasema jenereta ndogo kama yetu haihitaji nondo, mimi nitafute waya uliochubuka tu. Wa tatu akasema wote wawili wanasema kweli. Basi nikachanganyikiwa, nikapigilia nondo, nikabadilisha waya uliochubuka, na kutekenya kukaisha. Lipi lilisaidia? Sijui. Wewe fanya yote mawili.

Nimekuambia hili uone mimi ni mtu wa namna gani. Mashine inanionya kwa kuuma wateja, mimi nageuza maonyo kuwa biashara ya pilipili. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa na dhamana ya mama yako siku ile.

Siku ile unaijua. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Umeisikia ikisimuliwa soko zima, nami nimeisimulia vizuri kuliko wote. Sasa nataka kuisimulia vibaya, yaani jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa siku ya soko, mvua ilishuka kutoka milimani bila kubisha hodi. Jenereta ilikuwa pale pale kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mahali ulipochomelea kizimba chako. Nikaogopa ilowe, nikaifunika turubai pande tatu, nikaacha upande mmoja tu wazi. Upande huo ulitazama mlango. Kisha nikateremsha kile kifuniko cha dirisha la kuuzia ili mvua isiingie kwenye unga. Mama yako akabaki ndani anakaanga chipsi. Wewe ulikuwa nje unaosha sahani chini ya mwavuli, mimi nilikuwa nimesimama na wateja napiga porojo, kazi yangu ya kudumu.

Jirani yetu alikuwa Mama Kavira. Najua hutaki jina hilo, lakini lisome. Alikuwa anavuka mpaka kutoka upande wa Kongo kila siku ya soko, na samaki wake wakavu, maharage na sombe, yale majani ya muhogo. Alikuwa Mkatoliki mwenye rozari nene kama mnyororo wa baiskeli, na alikuwa anakuita “mutoto yangu” wewe uliyekuwa wangu. Ndiye aliyekufundisha kutwanga sombe. Umesahau, au umejilazimisha kusahau.

Mvua ilipokuwa inapiga, akaja na sahani, akampitishia mama yako mlangoni. “Mama Hadija, kamata, ukule kidogo. Hii sombe iko na mawese muzuri, itakupa joto.” Mama yako akala akiwa amesimama, huku anageuza chipsi.

Haikupita nusu saa nikasikia sahani inaanguka. Nilipofungua mlango mama yako alikuwa ameketi sakafuni, uso umekuwa mwekundu, anatapika, haniangalii mimi, anaangalia kitu nyuma yangu. Tukamtoa, tukamlaza nje chini ya mwavuli wa Mama Kavira mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa mkubwa kuliko wetu. Nami nikaona ile sahani ya sombe imebaki nusu pale juu ya friji.

Hadija, sikufikiri. Ningependa kukuambia nilifikiri nikakosea, ingekuwa heshima kidogo. Sikufikiri. Nilipiga kelele tu: “Amemlisha sumu! Huyu Mkongo amemlisha mke wangu sumu!”

Unajua kelele kama hiyo inafanya nini sokoni. Watu walitoka kwenye mvua kama siafu. Mtu akaleta maziwa, tukamnywesha mama yako, na baada ya muda akaanza kupumua vizuri, akanitambua, akaniuliza kwa nini chipsi zinaungua. Watu wakashangilia. Nikasema kwa sauti: mmeona? Maziwa yamemponya, kwa hiyo ilikuwa sumu! Hesabu yangu ilikuwa imekamilika. Hakuna aliyesema kwamba pamoja na maziwa, mama yako alikuwa amepewa kitu kingine kisichouzwa. Alikuwa amepewa hewa.

Mama Kavira akafanya jambo ambalo nikilikumbuka meno yananiuma. Akaichukua ile nusu ya sombe, akasimama katikati ya watu, akala kwa vidole, haraka haraka, mawese yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. “Mwangalie! Naikula yote, munaona? Mbele ya Mungu, miye sikufanya kitu!” Na watu, banange, watu wakasema ameshakunywa dawa yake kabla ya kuja, ndiyo maana haogopi. Asingekula, wangesema ni mchawi. Amekula, bado ni mchawi. Meza yake ikapinduliwa. Samaki wakaenda na maji ya mtaroni. Nilimwona akiondoka kuelekea mpakani na kiatu kimoja, nami sikuinua mkono kusema basi.

Wewe ulisimama pale na sahani iliyojaa povu. Ukalia. Mimi nikadhani unamlilia mama yako. Leo sina hakika.

Baada ya miezi mitatu ukaingia mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa peke yangu ndani ya lori alasiri, nakaanga sambusa za futari. Manyunyu yakaanza. Nikateremsha kifuniko, jenereta ikiwa pale pale na turubai lake. Baada ya muda kichwa kikaanza kuvimba. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Nikasema ni saumu, uzee umeanza. Nikatoka, nikakaa juu ya kreti ya soda, nikapata nafuu. Nikarudi, kikaanza tena. Nikatoka, nafuu. Nikarudi. Mara tatu, kama mbuzi anayeuzwa na kurudi nyumbani. Mara ya tatu nikiwa juu ya ile kreti ndipo likanijia: Isa, wewe umefunga. Tangu alfajiri hakuna kilichopita kooni mwako, hata maji. Basi sumu hii amekulisha nani?

Niliitazama jenereta. Ilikuwa inanguruma tu, haina habari.

Nikaenda Kasese kwa fundi, nikamwambia ni habari ya rafiki yangu. Akacheka, akasema, “Mzee, mwambie huyo rafiki yako ana bahati. Ule moshi unaouona siyo mbaya sana. Mbaya ni hewa iliyomo ndani yake, haina rangi, haina harufu. Inaingia mwilini mtu anasikia uchovu tu, anasema ngoja nikae kidogo. Haamki.” Akaniambia mashine ikae mbali na lori, hatua ishirini hivi, bomba la moshi lielekee kule upepo unakokwenda, na isifunikwe wala kufungiwa hata kama mbingu inaanguka. Kama mvua ni kubwa, zima, watu wale chakula baridi.

Ndipo nikanunua ule waya mrefu, jenereta ikaenda kukaa mbali na lori. Mkaniuliza kwa nini, nikasema kelele. Kelele zinanichosha masikio. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa, na mkaiamini, nami nikaizoea mpaka wakati mwingine niliiamini mwenyewe.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza tangu asubuhi na kila mara napata jibu jipya. Niliona aibu. Hilo ni kweli. Wateja wa Mama Kavira walikuwa wameshahamia kwetu. Hilo pia ni kweli, na linanuka. Halafu nilikuwa sijui mtu anaambiaje soko zima. Unasimama juu ya nini? Unaanza na neno gani? Kila siku ya soko nilisema siku ya soko inayokuja. Halafu ikawa miaka. Na ndani yake kuna jambo linalonichanganya kuliko yote: sumu ilikuwepo kweli. Mama yako alilishwa sumu kweli. Niliona sawa, nikapiga kelele sawa, ila kidole kilielekea upande usio wake. Kilipaswa kugeuka kinielekee mimi.

Sasa juzi ukaja kutoka kwa mchomeleaji unatabasamu. “Baba, njoo uone! Nimekata ule waya wako mrefu vipande viwili, nusu nimefungia taa za ndani. Jenereta sasa inakaa mlangoni, ndani ya kizimba chenye kufuli na paa. Hakuna mwizi, hakuna mvua.” Nikakuambia, mama, iweke mbali. Ukanicheka. “Kelele tena? Baba, masikio yako yamezeeka, lakini si lazima yazeeshe na lori.” Halafu, unapanga vijiko, ukaongeza kama mtu anayesema habari za hali ya hewa: “Katunguru Wakongo wamejaa. Mimi sitakula kwa mkono wa mtu. Namkumbuka yule mchawi aliyetaka kumuua mama.”

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni mzaha, kwamba wewe hata ukilishwa sumu utauliza kama imetiwa chumvi. Ukacheka. Nami nikaenda nyuma ya banda nikakaa na kuku.

Unaona nilichokifanya? Nimekulea juu ya uongo mmoja ukazaa pacha. Pacha wa kwanza ni kizimba kile: ulikuwa unakwenda kujifungia na ile hewa, mvua ya kwanza tu ya Katunguru, mbali nami, bila mtu wa kufungua mlango. Pacha wa pili ni ile hofu yako ya mkono wa mtu. Huyo wa pili hakuna msumeno wa kumkata.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga shangazi zako, nilimwambia mama yako yote. Alikuwa anachambua mchele. Nilisema tangu mwanzo mpaka mwisho, ungo haukusimama. Nikamaliza. Akapuliza makapi, akasema, “Nilijua si Kavira.”

“Ulijua ni jenereta?”

“Hapana. Nilidhani ni wewe.”

Hadija, nilikaa chini. Akaendelea, mkono wake bado ndani ya mchele. “Ulikuwa na yule mjane wa Munkunyu wakati ule. Kila wiki unakwenda kununua maharage, maharage, na maharage hatuyaoni. Nikasema huyu anataka nafasi. Miaka minane nakwambia onja chai kwanza uone sukari. Ulidhani ni mapenzi?”

Nilidhani ni mapenzi. Nilikuwa nawaringia wanaume wenzangu msikitini! Nawaambia mke wangu hawezi kunywa chai kabla sijaigusa kwa midomo yangu.

Nikamwuliza, mbona hukuondoka? Akasema, “Kwanza sikuwa na hakika. Halafu ulikuwa unaonja.” Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akasema mchele wa mwaka huu una mawe mengi. Sijui ni lipi alilolimaanisha. Habari ya mjane nimemweleza yeye, si ya barua hii, ila ujue haikufika hata nusu ya alivyoidhania, na hata hiyo nusu haikuwa ya maharage. Mwishoni akanyoosha kidole kuelekea kwenye lori. “Mtoto anaondoka kesho. Mdomo wako ukifika kwake utageuka mzaha. Mwandikie.” Ndiyo maana unasoma.

Nimenunua waya mpya, mnene kuliko ule, uko chini ya kiti cha dereva. Ukiutumia utandaze wote. Niliwahi kuuacha ule wa zamani umeviringwa, kikaango kikiwaka, ukapata joto mpaka ngozi yake ikalainika kama ndizi ya kuchemsha. Mwizi akiiba jenereta, na aibe. Ifunge mnyororo kwenye nguzo, weka mlinzi, lala na njaa, lakini mlangoni isirudi. Hili siombi.

Lililobaki naomba. Mwezi uliopita dereva mmoja anayebeba samaki aliniambia kwamba Mama Kavira yuko Katunguru. Alikimbia mapigano huko kwao karibu na Beni na wajukuu wawili, sasa anauza samaki karibu na daraja, kando ya barabara ile ile unakokwenda kupikia. Nilipoisikia niliagiza soda nikaisahau mezani. Wewe ulipopata kazi hii nilitaka kukuzuia, ukashangaa kwa nini. Sasa unajua. Niliogopa utamkuta, umtemee mate kwa ajili yangu, naye hatajua kwamba mate hayo ni yangu.

Sikutumi kwake. Usinipelekee salamu, usimpe chochote kwa jina langu. Kesho utanikuta nimeshakaa mbele, kiti cha abiria, nimevaa kanzu. Usiniulize maneno njiani, na usiniambie namna ya kukaa. Nikifika Katunguru nitashuka niende kwenye meza yake mwenyewe. Nitasema nini? Nimejaribu hapa mara kumi na moja, kila mara yanatoka kama mtu anayeuza dawa ya panya. Labda hatanikumbuka. Hapana, atanikumbuka. Labda wajukuu watakuwa wanatazama. Sijui kama nimechelewa, wala sijui kama kuna siku ambayo nisingekuwa nimechelewa.

Nawe kama unataka kunichukia, chukua nafasi, nitakuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye usukani mpaka Katunguru. Ila uangalie barabara.

Tukifika wewe fanya kazi yako. Shusha jenereta, ipeleke mpaka waya unyooke, angalia upepo, uwashe. Wale watu watakuwa na njaa na hawana habari zetu. Mimi utaniona kule kwenye samaki. Kama ni kupiga magoti nitapiga, na magoti yangu unayajua, yakishafika chini hayainuki bila mtu. Usije kuniinua. Kama kuna wa kuniinua ni yeye, na kama hataki, niache niwe pale chini mpaka soko lifungwe.

Baba yako,
Isa